Miundi Yangu na Chapati za Migori

Jumatatu, 5 Agosti 1996
Nimerudi kutoka Homa Bay na majibu ya hospitali. Upuuzi mtupu! Vile vipele vigumu vya kwenye miundi, vinavyowasha miaka yote na kunifanya nifanane na kenge, kumbe vina jina: amiloidi. Protini imejikusanya ndani ya ngozi. Tumbo hili linaloharisha na kunikondesha nalo lina jina: siliaki. Utumbo haupatani na ngano.

Daktari Lynnet asema huenda mambo hayo mawili yana uhusiano. Wagonjwa wa namna hiyo wameandikwa wachache sana, na kujikuna peke yake kwaweza kuleta amiloidi, kwa hiyo hawezi kuapa. Lakini ngano niache. Maisha yangu yote!

Mimi, Elkanah, mwenye hoteli ya chapati! Nikamuuliza kama mandazi nayo ni ngano. Akaliandika neno mandazi kwenye karatasi yangu, akalipigia mstari.

Njiani nilijikuna hadi damu. Mke wangu, Mong'ina, amenifunga bandeji.

Jumanne, 6 Agosti
Cephas, mwenye hoteli ya ng'ambo ya barabara, ameuliza habari za bandeji. Siri lazima ikae. Nani atanunua chapati kwa mtu anayeuawa na chapati? Nikasema nimeumwa na mbwa. Jibu safi, la haraka. Nina kipaji.

Jumatano, 7 Agosti
Cephas ametangaza kwamba mbwa alikuwa na kichaa na kwamba mimi nakanda unga huku nikidondosha mate. Hoteli tupu! Fundi wa baiskeli, mteja wangu wa kila asubuhi, amenisalimu kwa kupunga mkono kutoka mbali, kisha akaharakisha.

Ijumaa, 9 Agosti
Wazee wa kanisa wanakuja Jumapili kuonja chapati zangu na za Cephas. Atakayeshinda atapika makambini, waumini watakapokusanyika kwa ibada za wiki nzima. Sharti: mpishi aonje chake kwanza mbele yao.

Nina mpango. Sahani yangu itakuwa na chapati za muhogo na wimbi, zimekaangwa zikafanana na zile za ngano za wazee. Hakuna atakayejua.

Mong'ina akasema, "Baba Moraa, waambie tu ukweli." Nikamjibu kwamba biashara haiendeshwi hivyo. Akasema mwaka huu, siku ile niliposhindwa kusimama, alianza kuwaza ni nani atachimba kaburi. Nikaenda kuchekecha unga.

Jumapili, 11 Agosti
Nimekula mbele ya wazee, nikitabasamu. Chapati ikakatika vipande mkononi. Sikutetereka. Lakini Mama Eucabeth, mkubwa wa kamati, akanyoosha mkono moja kwa moja kwenye sahani yangu, ati cha mpishi ndicho kitamu. Akatafuna. Akakigeuza kipande, akakichungulia.

Mong'ina hakuvumilia. Akasimama akawaeleza yote: hakuna mbwa, ni ngano, ni ngozi. Kisha akanipandisha suruali hadi magotini mbele ya kanisa zima! Cephas alicheka hadi akashika ukuta.

Mama Eucabeth hakucheka. Akaangalia miundi yangu, akanipa pole, akachukua kipande cha pili. Wamekata shauri: Cephas apike chapati za ngano, mimi nipike za muhogo na wimbi. Nilijua mpango wangu utafaulu.

Jumapili, 15 Septemba
Makambi yalipita vizuri. Zangu zilikwisha kabla ya za Cephas, na fundi wa baiskeli alikula tatu.

Mwezi mzima baada ya siku ile sikuonja ngano. Mong'ina hulinda hata makombo. Tumbo limetulia. Nimeongezeka mwili. Vipele bado vipo, lakini muwasho umepungua na usiku nalala kama mtoto. Mong'ina anaimba jikoni. Sikumbuki mara ya mwisho kumsikia akiimba.

Daktari amefurahi, amesema niendelee hivyo hivyo. Ni mtu mzuri, ila hesabu hajaimaliza. Ngano iliniletea ugonjwa. Ngano nimeiacha. Ugonjwa umeondoka. Basi sasa ngano itamuumiza nani? Mgonjwa hayupo!

Mong'ina amekwenda sokoni. Nimejipikia chapati sita za ngano nyeupe kusherehekea kupona kwangu. Naandika nikiwa kwenye ya tano. Laini ajabu!

Kwa tahadhari, maziwa nimekunywa bila sukari.