Daktari wa Ghorofa ya Tano

Asali, aliyepewa jina hilo kwa utamu wa ulimi wake, aliona neema pale wenzake walipoona kero. Lifti ya jengo la maofisi ilikuwa imekufa, na kila aliyefika ghorofa ya tano alifika akihema kama mbwa wa mwindaji. Kesho yake akaweka meza palepale ngazi zinapoishia, kavaa koti jeupe la kinyozi, kifaa cha kusikilizia moyo kikining'inia shingoni.

Kazi ilikuwa laini. Mtu anafika hoi, Asali anampachika kifaa masikioni ajisikilize mwenyewe. "Unasikia, mzee wangu? Huo si mwendo wa moyo, ni mwendo wa kibaka anayekimbizwa." Hapo hutoka bangili ya shaba. Mteja huivaa, huketishwa, huvuta pumzi, hupimwa tena. Moyo, ambao hutulia wenyewe mtu akipumzika, hutulia, na sifa zote huenda kwa bangili. Hata mwenye jengo, bahili wa kutupwa, alinunua. Alipong'amua mchezo akadai fungu lake na kumfukuza fundi wa lifti.

Ndipo akaja mama mmoja wa makamo, mjane kwa maelezo yake. Hakuwa na papara. Alikaa ngazini akajipepea mpaka jasho likakauka, kisha akasogea. Moyo wake ulipiga du-dub, du-dub, sawasawa kama saa ya ukutani. Asali akakwama, akadai umepoa mno. Mama akaomba kwa adabu asikilize wa daktari, ajue moyo mzima unavyolia.

Alisikiliza muda mrefu. Uso ukamshuka.

"Mwanangu, una mke?"

"Kwa nini, mama?"

"Unapiga, unapiga, halafu unaruka. Wa marehemu ulianza hivihivi."

Asali akacheka, akajisikiliza. Du-dub, du-dub, kimya, kishindo. Kicheko kikamkauka. Alivyozidi kuogopa ndivyo ulivyozidi kwenda mbio. Akavua koti, akamsihi mama amwangalizie meza, akateremka mbio.

Zahanati walimbandika nyaya kifuani. Daktari, wa kweli huyu, alitazama mistari kwenye karatasi, akamuuliza kuhusu usingizi na kahawa. Usingizi haukuwepo, kahawa ilikuwepo tele. Akaambiwa hata moyo mzima huruka pigo mojamoja. Wa kutibiwa haraka ni ule unaopiga ovyo bila mpangilio, tena wenye kizunguzungu, maumivu ya kifua au kuzimia. Wake ulikuwa salama. Akalale.

Alirudi akiruka ngazi mbilimbili kwa furaha. Juu alikuta foleni, na nyuma ya meza, ndani ya koti jeupe, yule mjane. Kando yake mwenye jengo, ametulia kama mtu aliyekwisha kupata fungu lake.

"Mpisheni huyu," mama aliwaambia watu. "Hali yake mbaya."

Asali alifungua mdomo aseme meza ni yake. Akaona nyuso za wateja wake wa jana, bangili mikononi. Akaufumba.

"Moja tu, mwanangu, utatulia."

Akalipa.

Akishuka alipishana na mshona nguo aliyekuwa akipanda polepole, naye mshonaji akamuuliza kama daktari wa juu anafaa.

"Sijaona kama yeye," Asali alijibu, na hilo halikuwa uongo. "Ila kimbia, anakaribia kufunga."