Delmar Pruitt na Dawa ya Kulungu

Katika jimbo zima la Georgia, mtu aliyejua kila kitu alikuwa mmoja tu: Delmar Pruitt. Nani kasema? Kasema mwenyewe!

Oktoba ile, joto lilipoanza kulegea, Delmar aliapa mbele ya waumini wenzake, sahani ya kuku mkononi, kwamba safari hii kibao cha Bustani ya Mwezi, kile anachopewa mwenye bustani bora ya Oktoba, kitasimama kwake. Miaka minne mfululizo Chama cha Bustani kilikuwa kikikipeleka kwa jirani yake, Bibi Odessa Crumley, ajuza wa miaka themanini na moja. Kila Delmar akikiona, chakula hakimshuki.

"Nikishindwa tena na yule bibi," alinguruma, "msiniite mwanamume!"

Basi akapanda! Trei arobaini za maua ya pansi, yale ya baridi yenye sura kama paka aliyenuna: ya zambarau, ya manjano, ya rangi ya machungwa. Pembeni akapanga kabichi za mapambo, na juu ya udongo akatandaza majani makavu ya msonobari. Mgongo ukamkatika, mdomo haukukatika.

Na kusema kweli, ilipendeza! Magari yakawa yanapunguza mwendo, na Delmar yuko barazani anayapungia mkono utadhani anagombea ugavana.

Siku mbili kabla waamuzi hawajaja, alitoka asubuhi akakuta safu nzima ya pansi haina vichwa. Vimebaki vikonyo tu! Kulungu wa kule ukiwapandia pansi ni kama kuwaandalia karamu ya harusi.

"Pole, mwanangu," Bibi Odessa alimwambia kutoka kwenye ua wake. "Mimi hunyunyiza mkojo wa mbwa mwitu. Kulungu akiunusa tu, mbio! Unauzwa duka la wawindaji. Ila muulize muuzaji, chupa zao ni za kila aina."

"Niulize? Mimi?" Delmar alicheka hadi kitambi kikatikisika.

Dukani, kweli chupa zilikuwa za kila aina. Delmar akatafakari. Sumu ya panya huwa na picha ya panya. Dawa ya mbu ina picha ya mbu. Kwa hiyo dawa ya kulungu ni hii hapa, yenye picha ya kulungu dume mwenye mapembe! Wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Delmar alikuwa na kipara.

"Mzee, matumizi yake unayajua?" aliuliza binti wa dukani.

"Mimi nilianza kuitumia mama yako hajazaliwa!"

Alfajiri ya Jumamosi, siku yenyewe ya waamuzi, aliimwaga bustanini chupa nzima. Upepo ukavuma, na robo yake ikamrukia suruali. Alipotaka kuingia ndani, mkewe Verna akamfungia mlango.

"Usithubutu kuingia! Unanuka zizi zima!"

"Hii ni harufu ya ushindi, Verna!"

Saa nne juu ya alama, gari la Chama likasimama. Ndani mna akina mama watatu wenye kofia, na mwenyekiti wao, Bi Lavinia Tuttle, tayari ana kalamu mkononi. Delmar akavuta suruali juu, akatabasamu.

Hapo ndipo kulungu dume akatoka msituni. Nyuma yake, mwingine! Hawakukimbia hata kidogo. Walikuja wananusa, shingo wamezinyoosha, macho yamelegea. Kufumba na kufumbua wanapigana pembe kwa pembe katikati ya pansi! Maua yakaruka, kabichi zikaruka. Mmoja akashindwa akaondoka, na mshindi akainua pua, akanusa hewa, akamgeukia Delmar.

"Shuu! Toka!"

Wapi! Dume anakuja tu, tena kwa madaha. Delmar akatimua mbio, akaparamia pikapu yake hadi juu ya paa.

Bibi Odessa aliiokota chupa tupu kando ya ua, akavaa miwani. "Mkojo wa kulungu jike anayetaka dume," akasoma kwa sauti. "Wa kuwavutia madume. Matone mawili yanatosha. Delmar, wewe umetia mangapi?"

"Yote," ilijibu sauti nyembamba kutoka juu.

Bi Lavinia alishusha kidogo kioo cha gari. "Bwana Pruitt, na maua yako yako wapi?"

"Yalikuwepo, mama! Sasa hivi tu yalikuwepo!"

Kioo kikapanda. Gari likasogea hatua ishirini, na kibao kikasimikwa kwa Bibi Odessa, mwaka wa tano huo.

Dume akaweka kwato mbili juu ya pikapu.

"Verna!" Delmar alilia. "Fanya kitu, mke wangu! Huyu mnyama ananitaka!"

Dirisha likafunguka. Verna akaitazama bustani iliyovurugwa, akamtazama mumewe juu ya paa, kisha akamtazama kulungu kwa huruma.

"Mchukue tu, kaka!" akamwambia kulungu. "Lakini kumrudisha hakuna!"