Umri wa Kushika Mchemraba

Jumatatu, 7 Juni 1982

Mchemraba umefika! Shemeji Alexander ameutuma kutoka bandarini Mombasa kwa garimoshi. Pande sita, rangi sita, kila upande vipande tisa, na vyote vinazunguka. Kazi ni kurudisha kila rangi upande wake. Niliuonyesha katika ofisi ya walimu. Mwalimu Muhonja wa darasa la kwanza akasema watoto wake wangeufurahia. Watoto wake! Wanaokula chaki! Nikatangaza kwamba kitu hiki ni cha akili zilizokomaa, na kwamba Ijumaa ya wiki ijayo, Siku ya Wazazi, nitaukamilisha mbele ya Afisa wa Elimu. Mwalimu mkuu alifurahi. Nafasi ya naibu wake iko wazi tangu Pasaka, nami nimefundisha hesabu darasa la saba miaka kumi na minne. Nafasi ni yangu.

Jumatano, 9 Juni

Nimekamilisha upande wa buluu. Mke wangu Tryphena ameuliza mbona pande nyingine zinafanana na blanketi la viraka. Nimemweleza kwamba nyumba huanza na msingi. Nilipoanza upande wa pili, msingi ukavunjika. Bega la kulia linauma. Halijainuka sawasawa tangu nilipoanguka na baiskeli nikishuka kutoka Ronge mwaka wa 1971.

Alhamisi, 10 Juni

Fedheha. Niliuacha mezani ofisini nikaenda kupiga kengele ya saa nne. Narudi, pande zote sita safi! Nikafikiri ni malaika. Kumbe ni Nanzala, binti ya Muhonja, miaka mitano, anayemngoja mama yake kwenye benchi letu kila siku kwa sababu hajaanza shule. Nikauvuruga tena mbele yake. Akautengeneza kabla chai yangu haijapoa. Nikamwuliza anafanyaje. Akasema anapeleka kila rangi nyumbani, basi.

Baadaye nikaambiwa kwamba baba yake, Okoth, gadi wa treni, alimletea wa kwake kutoka Nairobi Desemba iliyopita, akamtungia wimbo wa hatua zote. Muhonja anadai mtoto yuko tayari kujifunza akiweza kumaliza kikombe cha uji bila kuinuka na kukumbuka wimbo mpaka mwisho. Uji! Huo ndio ualimu wa siku hizi.

Ijumaa, 11 Juni

Mkutano wa walimu. Nimeleta kanuni. Sote tunajua mtoto anavyopokelewa darasa la kwanza. Cheti cha kuzaliwa hana, basi anapitisha mkono wa kulia juu ya kichwa. Akigusa sikio la kushoto, amekua. Asipogusa, arudi nyumbani akale. Nikasema mchemraba nao ufuate kipimo hicho hicho, na asiyefikisha mkono asiuguse shuleni. Nanzala akaitwa. Alikosa kwa kidole kimoja. Kanuni ikapita. Muhonja alimpangusa mtoto makamasi tu. Afadhali angebisha. Upole wake umeniudhi siku nzima.

Jumanne, 15 Juni

Zimebaki siku tatu, nami nina upande mmoja na nusu. Nimepata akili mpya. Nimebandua vibandiko vya rangi vyote hamsini na vinne kwa wembe, nikavibandika upya, kila rangi kwake, kwa gundi ya unga wa ngano. Umependeza ajabu. Nikauanika dirishani ukauke.

Kuku wa Tryphena akapanda dirishani kufuata unga, akameza vibandiko viwili vya manjano! Nilimfukuza mpaka kwa jirani yetu Ndulu. Tryphena amekataa katakata achinjwe, anasema huyo ndiye anayetaga. Karatasi ya manjano haipo nyumba nzima. Nimekata vipande viwili vya kijani kwenye kalenda ya mwaka jana. Upande wa manjano utakaa chini. Nani atageuza?

Ijumaa, 18 Juni

Afisa aligeuza.

Nina hasira lakini nitaandika. Niliuinua mchemraba ukiwa umekamilika, wazazi wakapiga makofi. Afisa akauomba, akauvuruga mwenyewe, akanirudishia, akasema sasa aone. Nikasema muda hautoshi. Akasema muda anao. Nikazungusha na kuzungusha, jasho likitiririka, mpaka gundi ikaanza kulainika. Akauliza kama yupo mtoto anayeweza. Okoth, nyuma kabisa na yunifomu yake ya reli, akamtaja binti yake. Nikaeleza kanuni yangu. Afisa akavutiwa sana, akaniomba niwaonyeshe wazazi kipimo hicho kwa mwili wangu mwenyewe.

Mkono wangu ulifika kwenye paji la uso ukakwama. Watu walicheka mpaka mzee mmoja akaegemea ukuta. Afisa akasema kumbe hata mimi sijakua, basi mtoto naye ajaribu.

Nanzala akauchukua. Akaimba wimbo wake kwa sauti ndogo, akazungusha, kisha akasimama. Akasema wawili hawa wa kijani hawana nyumba, kwa maana kwa kijani kumejaa. Afisa akainama. Akasoma kwa sauti kibandiko kimoja kilichoandikwa Desemba na kingine kilichoandikwa ishirini na tano. Akanusa vidole vyake. Akauliza kama huu ni unga.

Miaka kumi na minne ya kazi! Mwanangu Wakio wa darasa la sita alikuwa mstari wa mbele, akitazama viatu vyake. Hilo limeniuma kuliko yote.

Jumatatu, 21 Juni

Muhonja ndiye naibu. Kwanza amefuta kanuni yangu. Pili, amesema kwa heshima zote kwamba nikipenda, Nanzala atanifundisha wakati wa mapumziko. Nimekubali kwa ajili ya Wakio tu. Nikaketi kwenye benchi. Nanzala akanipa kikombe cha uji, akasema nimalize kwanza. Katikati ya uji niliinuka kuwakemea darasa la nne waliokuwa wakikanyaga maua. Niliporudi, alikuwa ameuficha mchemraba mgongoni. Akasema bado sijawa tayari, nijaribu mwaka ujao.

Mwaka ujao! Mimi! Kosa lilikuwa mkono wa kulia, wenye bega bovu. Nimejaribu wa kushoto mbele ya kioo, na umegusa sikio la kulia bila shida yoyote. Kwa hiyo nimemwandikia mwalimu mkuu pendekezo jipya. Kipimo kiwe mkono wa kushoto, na kiwahusu pia watoto wanaofundisha watu wazima. Bahasha nimeifunga kwa gundi ya unga iliyobaki. Nimeianika dirishani ikauke.