Visiwa Ishirini vya Thuo

Thuo aliingia Rongai na haraka ya mtu ambaye bado hafukuzwi, lakini anajua watu wameanza kuuliza. Nakuru mjini alikuwa ameuza unga mweupe wa Kariandusi, ule ule unaochimbwa kule na kubebwa kwa malori, akiutia kwenye vikopo vidogo na kuuita dawa ya kurudisha ujana. Wateja walijipaka, wakasubiri, wakabaki na umri wao. Kwa hiyo siku hiyo Thuo aliona kwamba mapafu yake yanahitaji hewa ya mashambani.

Gari likachemka njiani. Alisimama kando ya bwawa moja la zamani, akashuka na jerikani kuchota maji ya rejeta, na harufu ikamzuia hatua kumi kabla ya kufika. Maji yalikuwa ya kijani na mazito kama supu ya mboga iliyosahaulika jikoni. Kila mvua iliponyesha, mbolea ya mashamba ya juu iliteremka humo, na ng'ombe wakaongeza ya kwao. Katikati ya uchafu huo, akina mama sita walikuwa wamezama hadi kiunoni, wakisukuma kitu kilichofanana na godoro lililoota majani.

"Mathe, hiyo ni nini?" Thuo akaita.

Aliyejibu alikuwa Chepkemei, mwenyekiti wa kikundi chao, mwanamke mpana wa mabega na mchache wa maneno. Akamweleza bila kuacha kusukuma. Chini kulikuwa na chupa za plastiki zilizofungwa pamoja kwa waya, juu yake neti na magunia ya mkonge, halafu matete na mafunjo. Kisiwa kinaelea, mizizi inaning'inia majini na kula ile mbolea, na uchafu unanasa kwenye mizizi kama nywele kwenye kitana. Maji yanasafika polepole. Mwaka jana ndama wake wawili walikufa kwa maji hayo, na homa ya matumbo ilipita nyumba kwa nyumba.

"Mko navyo vingapi?"

"Vinane. Tunataka ishirini, lakini waya na neti hatuna."

"Na mwenyewe ni nani?"

"Mwenyewe wa nini?"

"Wa visiwa."

Chepkemei akamtazama kama mtu aliyeuliza mwenye mvua ni nani. "Ni vya bwawa," akasema.

Thuo akapiga picha kadhaa, akajaza rejeta, akageuza gari kurudi Nakuru. Hewa ya mashambani ilikuwa imemtosha. Kitu kisicho na mwenyewe kilimsumbua Thuo moyoni kama yatima, na yeye alikuwa mtu wa huruma: asingelala kabla ya kukitafutia mnunuzi.

Wa kwanza alikuwa Kahiga, mfanyabiashara wa mbao kutoka Elburgon, tajiri wa tumbo na wa malori. Walikutana kwenye nyama choma. Thuo akamwonyesha zile picha kwenye simu, akiificha nusu ya skrini kwa kiganja kana kwamba serikali ilikuwa meza ya pili.

"Boss, hii ni kaboni. Wazungu wanalipa."

"Wanalipa majani?"

"Hawalipi majani. Wanalipa hewa chafu ambayo majani yanakula."

Kahiga akatafuna taratibu. "Na hiyo hewa ni ya nani?"

"Ya mwenye kisiwa. Ndio maana nakuambia wewe kwanza."

Kahiga alikuwa amekata miti maisha yake yote bila mtu kumlipa kwa hewa, na aliona huo ulikuwa uonevu uliodumu mno. Kabla mifupa haijaondolewa mezani alikuwa amenunua visiwa vitatu. Thuo akamkabidhi vyeti vyenye mhuri wa dhahabu, vilivyotengenezwa asubuhi ile kwenye duka la kupiga chapa nyuma ya stendi. Wa pili alikuwa Adero, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini, mwanamke ambaye hajawahi kukosea kupima msumari. Yeye alinunua viwili. Vitatu vilivyobaki vilikwenda kwa mwalimu mstaafu, naye akamwomba Thuo asimwambie mke wake.

Kila Jumamosi Thuo alikuwa akiwaleta wateja wake bwawani, wamevaa gambuti mpya. Akina mama aliwaambia kwamba hao ni wafadhili. Akina mama wakaimba. Wafadhili wakapunga mikono, kila mmoja akikikodolea macho kisiwa chake, na watu wote wakarudi nyumbani wakiwa wameridhika. Biashara nyingi halali hazijawahi kuleta amani ya namna hiyo.

Amani hiyo ilivunjwa na Adero. Siku moja katikati ya wiki alikuja peke yake, akasimama ukingoni na futi ya kupimia.

"Shikamoo mama. Vile vyangu ni vipi?"

"Marahaba. Vyako vipi?" akauliza Chepkemei.

Adero akatoa vyeti. Chepkemei akavisoma vyote viwili, polepole, kidole chini ya kila neno. Hakucheka na hakukasirika. Alimkaribisha Adero kwenye nyasi, na kwa muda wote wa kumaliza birika moja la chai, yule mwenye duka akapata kuelewa kwamba amenunua matete.

"Nampeleka polisi leo leo," Adero akasema, akivikunja vile vyeti.

"Ukimpeleka, ataongea. Akiongea, atatoka. Pesa yako utaiona wapi?" Chepkemei akamwongezea chai. "Ngoja kwanza. Akija kuvinunua tena kwako, usiuze haraka."

"Avinunue kwangu? Yeye ndiye aliniuzia."

"Ngoja tu, dada."

Chepkemei alikuwa na mpwa wake aitwaye Becky, aliyeuza simu Nakuru na kuzungumza Kiingereza cha puani kilichowafanya wateja wanunue hata kava ambazo hazikuingia simu zao. Jumamosi iliyofuata, Thuo alimkuta Becky ukingoni, gambuti nyeupe, tableti kwapani, akichota maji kwa chupa ndogo na kuyainua juani. Thuo alipomsalimu, hakumjibu mpaka alipomaliza kuandika.

"Samahani, boss. Wewe ni wa kikundi?"

"Mimi ndiye naendesha mradi," akasema Thuo, kwa kuwa ulimi wake haukujua jibu lingine.

"Good. Kampuni yetu inanunua kaboni ya visiwa. Lakini hatuwezi kudeal na watu wengi. Tunataka mtu mmoja, visiwa visipungue ishirini, mwisho wa mwezi. Kama hakuna, tunaenda Naivasha." Akamwachia kadi, akakataa soda, akaondoka.

Thuo alisimama pale mpaka jua likamhama. Kwa miaka kumi na miwili ya kutapeli watu alikuwa amejifunza dalili moja ya tapeli isiyokosea: huomba pesa. Msichana yule hakuomba hata nauli. Kwa hiyo alikuwa wa kweli. Kwa hiyo kaboni ilikuwa ya kweli. Na yeye, mjinga mkubwa, alikuwa ameuza utajiri kwa bei ya mbuzi. Alijisikia ameibiwa, na hasira yake kwa Kahiga ilikuwa ya dhati kabisa.

"Nataka kukurudishia pesa yako, mzee," alimwambia Kahiga kwa simu. "Mradi una shida kidogo."

Kahiga hakuwa amewahi kurudishiwa pesa na mtu yeyote aliye na shida. "Unanunua?" akauliza.

"Nakusaidia tu."

"Basi nisaidie mara tatu ya bei yangu."

Thuo akamsaidia mara tatu. Mwalimu mstaafu alisaidiwa mara mbili, akaenda kumwambia mke wake kila kitu, kwa majivuno. Adero alikuwa mgumu kuliko wote. Alitaka mara nne, tena Thuo anunue waya na neti za visiwa kumi na viwili vipya kutoka dukani kwake, taslimu, na lori la kubeba pia liwe lake. Thuo akauza gari. Akina mama wakataka malipo ya kazi kabla ya kuingia majini, kwa kuwa maji, walisema, ni baridi mwezi huu. Akalipa hilo pia, na pesa za vikopo vya ujana zikaisha hapo.

Wiki tatu kikundi kizima kilikuwa majini. Walifunga chupa, wakatandika magunia, wakapanda matete shina kwa shina. Thuo alikuja kila siku kuwahimiza, na mara mbili aliingia mwenyewe kushikilia kamba. Visiwa vikatimia ishirini, vikatanda bwawani kama kundi la ng'ombe waliolala.

Siku ya mwisho wa mwezi alivaa suti, akaketi ukingoni, viatu vikizama kwenye tope. Saa nne hakuna mtu. Saa saba akapiga ile namba ya kwenye kadi, na simu ikalia nyuma yake, ndani ya mfuko wa aproni ya Chepkemei.

Chepkemei akaizima. Akaketi kando yake.

"Yule msichana," Thuo akasema.

"Ni mtoto wa dada yangu. Anauza simu."

Thuo akatazama suruali yake. "Nyinyi ni wezi, mathe."

"Sisi hatukukuuzia kitu. Ulisema ni vyako, ukavinunua kwa wale uliowauzia. Kazi tulifanya, na imeonekana." Akanyoosha kidole mahali ng'ombe walipokuwa wakinywa. Karibu na visiwa vya zamani, mawe ya chini yalianza kuonekana. "Ukitaka, nenda polisi. Uwaeleze kuanzia mwanzo."

Thuo alijaribu kichwani kuianza hadithi hiyo mbele ya askari. Aliianza mara tatu, na kila mara ilimfikisha ndani ya seli yeye kwanza.

"Vibebe basi, kama unataka," akasema Chepkemei. "Lakini kimoja kinataka watu wanane. Na ukiviacha, ujue matete hukatwa kila yakikomaa. Yakiozea hapo yanarudisha uchafu wote majini. Mwenye visiwa hapaswi kukaa mbali."

Thuo akainuka. Akatembea kwa miguu hadi barabara kuu, viatu vikilia maji, akasimamisha boda. Dereva akamkagua kuanzia tai mpaka tope.

"Unafanya kazi gani huku, mzee?"

Thuo akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu awe mtu mzima, uongo haukuja.

"Nina visiwa ishirini," akasema.

Dereva akamwambia alipe kwanza.