Jiko la Marehemu Nyanya

Jumatatu, 3 Juni 1985

Mke wangu Tryphena ametuma neno kutoka kwao Chawia. Harudi! Harudi mpaka ajengewe jiko. Eti amepika barazani miaka yote, vumbi la Voi ndilo chumvi yake, na sasa basi. Mimi nilidhani ameenda kusalimia wazazi tu. Kumbe amehama! Nimekaa kitini na kofia kichwani, sijui nianzie wapi.

Kujenga si shida. Shida ni mtaa. Nyumba hii ya mawe niliachiwa na baba, naye aliachiwa na babu, na sasa serikali imeuweka mtaa wote wa zamani wa reli chini ya ulinzi wa majengo ya kale. Bango limesimama pale mwanzo wa njia. Hakuna kuongeza chumba, ukuta wala choo. Kilichokuwapo tangu zamani kibaki. Kipya kitabomolewa.

Nimerudi kulisoma jioni. Halikatazi jiko la zamani. Basi nitajenga jiko la zamani.

Jumatano, 5 Juni

Kuta zimepanda. Fundi anadhani ni banda la mbuzi, sijamsahihisha. Mabati nimeyatoa Ndara, ya zizi lililoachwa. Kutu safi kabisa! Niliyachagua moja moja, mazima nikiyakataa. Aliyeniuzia aliniuliza kwa upole kama nimekula.

Jirani yangu Fanuel amechungulia juu ya ua, kikombe cha chai mkononi. Huyu ni mtu wa kamati ya mtaa, na hajanisamehe tangu mimi nichaguliwe mzee wa kanisa yeye akaachwa. Akauliza kijumba hicho kimetoka wapi. Nikamwambia hakijatoka popote, kilifunikwa na vichaka vya mibono. Akasema ajabu, yeye amezaliwa hapa na hajawahi kukiona. Nikamshauri ale karoti.

Ijumaa, 7 Juni

Jiko limekwisha, lakini linang'aa upya! Nimepaka udongo na samadi. Bado. Basi nikajifungia ndani na kuwasha moto kwenye mafiga. Kuni mbichi, matambara, kipande cha tairi. Nikasonga ugali nikauacha uungue makusudi. Nikachoma na mafuta ya mbuzi.

Moshi! Nimetoka nikitambaa, machozi yamefika kidevuni. Lakini kuta! Nyeusi tii. Masizi yananing'inia darini kama ndevu. Ukiingia utaapa kwamba ukoo mzima umepikiwa humu. Sijawahi kujipenda kama leo.

Nimetuma neno Chawia. Jiko tayari, Tryphena aje Jumanne.

Jumatatu, 10 Juni

Fanuel amenishtaki! Mzee mzima, anaimba besi kanisani, anakwenda kumchongea jirani! Afisa wa majengo ya kale anakuja kukagua. Lini? Kesho. Kesho ile ile ya Tryphena.

Jumanne, 11 Juni

Nitaandika ninavyoweza.

Afisa alifika asubuhi, Bwana Hudson Katuku, na tochi. Fanuel nyuma yake, na kikombe chake. Katuku akaingia, akagusa masizi, akanusa kidole. Akauliza nani alijenga. Nikasema babu, kabla hata ya nyumba ya mawe. Akauliza nani alipika. Nikasema marehemu nyanya, mpaka nguvu zilipomwishia. Maneno yalinitiririka, nikaanza kumhurumia huyo nyanya.

Katuku akavua kofia. Akasema hili ndilo jengo la kale kuliko yote mtaani. Fanuel akamwaga chai. Nilikaribia kucheza!

Kisha afisa akaendelea. Kwa kuwa ni la kale hivyo, moto hautawashwa humu tena. Hakuna sufuria. Hakuna kufagia masizi. Nikauliza, hata chai? Akanitazama kama niliyeomba kuchinja mbuzi madhabahuni.

Jiko lisilopikiwa! Nikiwa bado nimeduwaa, Tryphena akatokea na kikapu, sufuria mpya kichwani. Akatusalimu vizuri, akaingia. Akatoka na kidole cheusi, ukoko wa ugali kiganjani.

"Baba Lois, nani amepika humu?"

Sikuwa nimeliwaza hilo! Kwetu moto wa kwanza wa jiko huwashwa na mwenye jiko. Mke akikuta masizi, basi kuna mwanamke aliyemtangulia. Nikisema ni mimi, jiko linabomolewa mbele ya Fanuel. Nikinyamaza, mke anaondoka.

"Marehemu nyanya," nikasema.

"Nyanya yako tulimzika. Ugali huu ni wa juzi."

Katuku akashtuka kuliko mke wangu. Watu wanapika kwenye jengo la kale! Akatoa kufuli mkobani, akafunga mlango hapo hapo. Fanuel akaona nafasi yake. Akamwuliza Tryphena kama kijumba hiki alikiacha hapa alipoondoka.

Tryphena angenimaliza kwa neno moja. Alinitazama mimi, akaitazama kufuli. Kisha akamgeukia yeye.

"Fanuel, ya nyumba yangu niachie mimi."

Akajitwika sufuria yake akarudi stendi. Hakugeuka. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka, nikatamani kumkimbilia. Lakini Katuku alikuwa bado anapima ukuta.

Alhamisi, 13 Juni

Baba mkwe ametuma neno. Tryphena yuko tayari kutasa, kama desturi yetu. Atachukua funda la maji, ataitamka hasira yake na kuitema, iishe. Ila kwanza nisimame mbele yake niseme nani alipika. Hilo tu! Niseme ni mimi, tena nisonge ugali waone. Atarudi siku hiyo hiyo, hata kupika barazani atavumilia.

Nimelia kidogo. Mke mwema. Ninamkosa, nyumba imekuwa baridi, na ukweli wenyewe ni sentensi moja fupi.

Lakini Fanuel ana shemeji Chawia! Sentensi hiyo ingefika Voi kabla yangu.

Hapo wazo likanijia. Chokaa! Nitatoboa ukuta wa nyuma, niingie, nipake ndani kote pawe peupe kama shuka. Tryphena aone kwa macho yake kwamba hakuna mtu aliyewahi kupika humu. Katuku akirudi, nitafukiza tena. Nashangaa sikuliwaza mapema.

Nimeualika ukoo wote wa Chawia uje kushuhudia Jumapili. Fanuel ameniazima brashi, bila hata kuuliza ya nini.