Kuta za Mama Pacha

Laini, kama mjini walivyomwita kwa sababu ya ulimi wake, alisimama mlangoni kwa Mama Pacha akaona riziki ukutani. Viganja vya watoto vilikuwa vimeijaza korido alama, baiskeli imechubua kona, na jikoni mafuta yamepanda hadi karibu na dari. Yeye alibeba ndoo mbili zenye nembo ya kuvutia na, ndani yake, chokaa iliyozimuliwa kwa maji.

Alimwamkia mama yule kwa adabu zote, akamweleza kwamba chumba cha kulala huvumilia rangi yoyote, lakini korido, jiko na ngazi huhitaji rangi yenye mng'ao kidogo, inayofutwa kwa sabuni isibanduke. Maneno hayo yalikuwa kweli tupu. Laini hakuwa mwongo, ila kwa kilichomo ndooni.

Mama Pacha alimsikiliza hadi mwisho, kisha akashusha pumzi. Yeye hakuwa na haraka, alisema. Mwenye haraka ni kaka yake, anayejenga nyumba ya wageni ya ghorofa tatu na hajapata fundi wa rangi.

"Ila kaka yangu haamini maneno, mwanangu. Atakuja hapa na kitambaa chenye sabuni, asugue. Rangi ikibaki, kazi ni yako."

Ghorofa tatu. Laini akameza mate. Chokaa yake isingestahimili hata kuegemewa na paka. Basi akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani: aliingia duka la rangi akanunua iliyo bora, kwa fedha yake mwenyewe. Akasugua mafuta ya jikoni, akaziba nyufa, akapiga msasa, akapaka na kurudia. Mama Pacha alimletea chai, akamkumbusha kwamba kaka hupenda kushika ukuta akipanda ngazi. Ngazi zikapakwa. Tena kaka anawapenda mno wapwa zake. Chumba cha pacha kikapakwa. Pacha mmoja alipogusa ukuta kwa mkono wenye masizi, Laini alifuta mara moja, pakang'aa, akajikuta anatabasamu kama fundi wa kweli.

Alipomaliza, mama alimwambia kwamba kaka amebanwa na ujenzi, amfuate huko huko, nyuma ya stendi. Laini akavaa shati safi, akaenda.

Nyuma ya stendi palikuwa na kiwanja kitupu chenye majani marefu. Watu wawili walikuwa wamekalia matofali, na Laini aliwajua vizuri: fundi bomba aliyekuwa akiuza koki za plastiki zilizopakwa rangi ya chuma, na seremala wa makabati ya maboksi. Wakamsogezea tofali.

"Unamsubiri kaka mtu?" fundi bomba akauliza.

Laini akaitikia kwa kichwa.

"Mimi nimemwekea Mama Pacha makabati ya mninga," seremala akasema kwa unyonge. "Mwenzangu huyu koki za shaba nyumba nzima. Wewe je?"

"Kuta," Laini akajibu, akaketi.