Mchuzi wa Dada kwa Gramu

Jumatatu, 3 Machi
Matawi manne ya mgahawa wangu, la tano njiani. Na shule niliiachia darasa la sita, ikashukuru. Watu wananunua haki ya kutumia jina langu, wanapaka kuta zao rangi yangu, wanapika mchuzi wa kuku wa dada yangu kwa kitabu nilichoandika kwa mkono huu. Siku tatu nilisimama nyuma ya Dada na mizani. Kila alichoshika, kabla hakijaingia sufuriani, nilikipima.
Leo Mwalimu Mstaafu, mwenye tawi la tatu, kapiga simu. Eti mchuzi ni chumvi tupu, wateja wanauacha. Nikamwambia ndimi za mtaa wake ndizo mbovu. Afuate kitabu.

Jumanne, 4 Machi
Wa tawi la kwanza nao wanalalamika. Hii ni hujuma. Nikavaa kofia na miwani ya jua, nikaenda kupeleleza kwa mpinzani wangu ng'ambo ya barabara, Mama Foleni. Kaniletea jagi la maji kabla sijaagiza. Akasema wanaotoka kwenye matawi yangu wote huanza na maji. Akauliza kama na miwani nayo aiwekee sahani.
Kuku wake mtamu. Nitafanyaje.

Alhamisi, 6 Machi
Nimekwenda makao makuu, jikoni kwa Dada. Nimeonja. Mchuzi safi kabisa. Sasa huko kwingine kuna nini?
Mama muosha vyombo akanivuta pembeni. Akasema Dada hasikii ladha yoyote tangu ile homa ya mwaka jana. Anatia chumvi kidogo kidogo, mama huyu anamwonjea, akitikisa kichwa Dada anaacha. Na zile siku tatu za mizani, akanikumbusha, mimi nilimfukuza yeye jikoni ili siri isivuje.
Nami sikuonja hata kijiko. Nilikuwa nasoma mizani.
Basi matawi manne yanapika, kwa gramu, mchuzi wa mtu aliyekuwa anakisia.

Ijumaa, 7 Machi
Nyumbani kwa Dada. Kachemsha chai, sukari kaniachia nijiwekee. Mama yetu alipofariki Dada alikuwa na miaka kumi na minne, mimi minne. Yeye ndiye mama ninayemjua.
Nikamuuliza kwa nini alinificha. Akasema angeniambia lini, kila nikija nimeongozana na mpiga picha. Kitu kimoja tu alikiogopa: kutolewa jikoni. Akisikia mafuta yanalia, alisema, anajua naye bado yupo. Akaniomba, mdogo wangu, usinitoe.
Nikaapa hatoki. Nikalia, nikasingizia moshi. Dada akasema hilo jiko ni la umeme.

Jumapili, 9 Machi
Kikao cha wenye matawi, makao makuu. Wanataka aliyeharibu kitabu aondoke jikoni, la sivyo wanashusha mabango. Ningeweza kusema ni mimi. Maneno mawili tu, yalikuwa hapa mdomoni.
Nikasimama nikatangaza kwamba Dada amepandishwa cheo. Mshauri Mkuu wa Ladha. Ofisi ghorofani, kiti cha kuzunguka. Makofi, hata Mwalimu Mstaafu.
Dada akavua aproni, akaikunja vizuri, akampa mama muosha vyombo. Akaniambia asante, bosi. Maisha yake yote hajawahi kuniita hivyo.

Jumatano, 12 Machi
Siku ya tatu Dada hajaripoti. Simu hapokei. Nimekwenda kwake nimekuta kufuli. Jirani anasema kahamia kwa shangazi yetu, kabeba begi moja, sufuria zake zote kazigawa.
Nimerudi ofisini kwake. Nimekaa kwenye kiti chake, nimeitazama ile ofisi kwa macho yake. Nimeliona kosa langu.
Meza ni ndogo. Huwezi kumpa mtu cheo kama kile ukamwekea meza ya karani. Nimemwita seremala, nimemwambia atengeneze kubwa, yenye droo pande zote mbili, na kioo juu. Itakuwa tayari Jumatatu.
Akiiona tu, atarudi.